Shahidi Chini ya Picha

Nyinyi vijana mnaokuja kunisalimu hapa Kator, Juba, na kompyuta zenu nyembamba kama sinia, swali lenu ni lile lile kila mara. "Mama Poni, kwa nini mlikuwa mnaandika maneno kwenye dirisha jeusi, na picha unaweza kuichora kwa kidole?" Mimi hucheka kwanza, kisha nawaambia kaeni, chai inakuja. Tatizo ni kwamba mkishakunywa chai mnaondoka kabla sijafika katikati. Basi leo naandika, msome wenyewe, na chai mtajipikia.

Kazi yangu miaka yote ile ilikuwa kuchora picha za makundi. Wajomba zangu waliposikia walidhani nachora makundi ya wapiganaji, wakaniomba niache mara moja. Hapana. Haya ni makundi ya hisabati. Kundi ni vitendo kadhaa ambavyo kila kimoja kinaweza kutenduliwa, na ukifanya kimoja juu ya kingine unapata kimojawapo cha hivyo hivyo. Najua, mmeanza kusinzia. Basi chukueni milaya, lile shuka la kudarizi ambalo bibi harusi wa Juba akikosa, watu watasema mwaka mzima. Litandikeni kitandani. Mnaweza kuliacha lilivyo. Mnaweza kuligeuza, upande wa kichwa ukaja miguuni. Mnaweza kulipindua kwa urefu, au kulipindua kwa upana. Fanyeni vitendo hivyo mpaka mchoke, shuka litalala kwa mojawapo ya njia hizo tu. Hilo ni kundi. Wekeni nukta kwa kila namna ya kulala, vuteni mstari kwa kila kitendo kinachokutoa namna moja kwenda nyingine, mmeshapata picha yake.

Nilipomweleza shangazi yangu, ambaye vidole vyake vimedarizi milaya nusu ya ukoo, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kupindua? Upande wa mafundo uangalie juu? Mama mkwe akiingia je?" Huyo ndiye msikilizaji mgumu kuliko wote niliowahi kupata.

Programu yetu haikuwa na vitufe vya kubonyeza. Ilikuwa dirisha jeusi na alama inayopepesa, inakungoja. Unaandika majina ya vitendo, herufi moja moja. Unaandika sheria zake, yaani kitendo gani ukikirudia mara ngapi kinakurudisha ulipoanza, na vitendo viwili vikikutana nini kinatokea. Unabonyeza, nayo inachora. Uzuri wake mtauona baadaye. Kwa sasa shikeni hili: picha nzima ilikaa ndani ya mistari mitatu minne ya maneno. Picha ikiungua, ikilowa, ikiibwa, ukiwa na ile mistari umeipata tena.

Aliyenifundisha ni Ustaz Gatwech. Tulikutana mwaka wa uhuru, wakati Juba nzima ilikuwa imerudi kutoka mahali fulani. Mimi nilirudi kutoka Uganda nilikosomea ufundi wa kompyuta. Yeye alirudi kutoka Khartoum alikosomea hisabati kwa Kiarabu tangu darasa la kwanza. Chuo kilitupa chumba kimoja, meza moja, na jenereta iliyokuwa ikikohoa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye kompyuta ambayo kifuniko chake kilifungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

"Ya Poni," aliniuliza siku ile ya kwanza, "hii maneno ya kompyuta, wewe najua?"

"Kidogo, Ustaz."

"Kidogo ni kwes, ni nzuri. Ile mingi ndiyo naharibu."

Alikuwa na nia moja. Alitaka kitabu cha picha za makundi, yale madogo, moja baada ya jingine, kwa ajili ya walimu wanafunzi ambao wangekwenda kufundisha mahali pasipo na maabara wala umeme. Nchi ni mpya, alisema, na mtoto wa nchi mpya aanze hisabati kwa kuona. Wenzake walimtania. Nchi haina barabara, yeye anachora nukta! Hakukasirika. Alisema barabara nayo ni mstari kati ya nukta mbili, waanze hapo.

Sasa niwape mambo ya kazi, maana hayo hamtayapata kwenye hizo kompyuta zenu.

La kwanza, usitegemee rangi. Sisi tulichora kitendo kimoja kwa nyekundu na kingine kwa buluu, tukafurahi kama watoto. Kisha tukapeleka kwa Wasswa. Wasswa alikuwa Mganda mwenye kibanda cha fotokopi Malakia, na printa yake ndiyo pekee mjini iliyokuwa ikitutii. Picha ikatoka nyeusi tupu, mistari yote sawa, hujui kipi ni kipi.

"Madam," akaniambia, "mimi iko na wino moja tu. Hiyo nyekundu wewe nasema, mashine hapana jua."

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamkuta shangazi anadarizi. Shina la ua alilipitisha kwa mshono usiokatika, na ukingo wa jani kwa mshono wa kuruka ruka. Uzi ulikuwa wa rangi moja, lakini jicho halikuchanganyikiwa hata kidogo. Tangu siku hiyo kitendo cha kwanza tulikipa mstari mzima, cha pili mstari wa vipande. Wasswa alisifiwa na wanafunzi kwa ubunifu huo, naye hakukanusha.

La pili, usisahau sheria ya kufunga. Siku moja niliandika vitendo viwili, kila kimoja ukikifanya mara mbili kinajifuta, nikasahau kusema vikipokezana vinafika wapi. Programu ikaanza kutembea: a, b, a, b, nukta mpya, nukta mpya. Kundi la namna hiyo halina mwisho. Ni kama salamu za Kiarabu cha Juba, umeulizwa habari ya nyumbani, watoto, kazi, afya, na ukidhani mmemaliza mnaanza upya. Ustaz akaingia na vikombe vya chai.

"Shunu de, ya Poni? Nini hii?"

"Inachora, Ustaz."

"Nachora nini?"

"Sijui. Haijafika."

Aliangalia, akaketi, akanywa chai yake yote na yangu. Mafuta ya jenereta yalipokwisha, dirisha likazimika, ndipo akasema, "Kalas. Sasa imefika." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini sikusahau tena.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya niandike haya. Ustaz aliliita shahidi. Kila kundi, baada ya kuandika sheria zake zote zinazohitajika, alikuwa anaongeza moja ya ziada chini. Haikuhitajika. Ilikuwa inatokana na zile za juu, kama hesabu umezifanya sawa. Shahidi akikubaliana na wenzake, picha haibadiliki hata nukta moja. Akipingana nao, programu haikugombezi, haina adabu hizo. Inajaribu kuwatii wote wanaopingana, na ili kuwatii inalazimika kuunganisha nukta, hii na ile ziwe moja, na zile ziwe moja, mpaka picha inasinyaa mbele ya macho yako. Ukiona picha imesinyaa, jua kuna uongo mahali.

Na ilisinyaa mapema sana, katika wiki zetu za mwanzo. Sheria alinisomea, nikaziandika. Ustaz akataka kumwandika shahidi kwa mkono wake mwenyewe. Tulitegemea ua kubwa, tukapata vidoti viwili. Nikasema shahidi wake ni mwongo. Akasema sheria zangu ndizo mbovu. Tulibishana kwa lugha tatu, mimi kwa Kiswahili na Kiingereza, yeye kwa Kiarabu, hata mlinzi akaja kuchungulia. Mwishowe nikamwambia anioneshe kwa kidole jinsi anavyousoma mstari wake. Kidole kikaanzia kulia.

Mnaona? Khartoum hesabu huandikwa kutoka kulia, kama maandishi yao mengine. Kampala huandikwa kutoka kushoto. Kwa kujumlisha haidhuru, mbili na tatu ni tano ukianzia popote. Lakini katika makundi, kufanya a halafu b si sawa na kufanya b halafu a, kama vile kuvaa soksi halafu kiatu si sawa na kuvaa kiatu halafu soksi. Yeye alikuwa sahihi kwa kwao, nami kwa kwetu, na picha ndiyo iliyoumia katikati. Tulicheka sana. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikabandika juu ya meza: SOMA KUTOKA KUSHOTO.

Akiwa ametulia alilifuata agizo hilo. Akiharakishwa, mkono ulirudi Khartoum. Nilikuwa namjua kwa hilo. Nikikuta shahidi amegeuka nilikuwa najua kwamba siku ile alichelewa, au mtoto wake alikuwa mgonjwa, au mkuu wa idara alimwita.

Kisha vita vikaja, na nchi ilikuwa bado inatembea kwa kushika ukuta. Sitawasimulia risasi, mlizisikia wenyewe, na wazazi wenu waliwalaza sakafuni kama mimi nilivyowalaza wangu. Nitasema tu kwamba siku zile mtu aliulizwa lugha ya mama yake kabla ya kuulizwa jina, na lugha ya mama yake Ustaz ilikuwa ile ambayo mtaani kwake, Hai Mauna, ilikuwa hatari kuisema. Chuo kilipofunguliwa hakuonekana. Nyumba yake ilikuwa imeporwa, mlango umechukuliwa pamoja na fremu. Kompyuta yenye mpira wa baiskeli ilikwenda, karatasi zake zikaenda, simu yake ukiipiga inapokea sauti ya kijana anayecheka. Jirani mmoja aliniambia alimwona amelala kando ya barabara, na hakuwa amelala usingizi.

Nililia nikiwa nimekaa kwenye kile chumba. Sikuona haya, na sasa pia sioni. Kitabu kilikuwa kimekamilika karibu chote, kurasa zimehifadhiwa kwa Wasswa ndani ya boksi. Ilibaki picha ya jalada, ambayo Ustaz alikuwa ameiweka ya mwisho makusudi. Hakunionesha sheria zake. Aliniambia tu, "Hiyo ni zawadi, ngoja."

Asubuhi moja nilikuwa kibandani kwa Wasswa nachaji simu, ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Haikuwa na salamu wala jina. Ilikuwa hivi:

a a a
b b b b b b b
a b = b b a
shahidi: a a b b b b = b a a

Nyinyi sasa mnaweza kuisoma. Kitendo a ukikifanya mara tatu umerudi ulipoanza, b mara saba. Kufanya a halafu b ni sawa na kufanya b mara mbili halafu a. Na chini yupo shahidi.

Wasswa akaisoma begani kwangu, akashuka sauti.

"Madam, futa. Askari kwa kizuizi akiona maneno kama hii, yeye nasema wewe iko jasusi."

"Labda ni Ustaz."

"Ustaz si nasikia ameenda? Simu yake mtu alichukua. Karatasi mtu alichukua. Mtu natuma tu kuona nani atajibu."

Alikuwa na haki. Watu walikuwa wakitumia vitu vya walioporwa kuwavuta nje marafiki zao, na kumjibu mtu wakati ule kulikuwa ni kutangaza upande. Nilikuwa na watoto nyumbani. Lakini kama ni yeye, na nisipojibu, atadhani nimeulizwa lugha ya mama yangu nami nikachagua.

Nikamwomba Wasswa kompyuta yake. Programu nilikuwa nayo kwenye flashi, niliivaa shingoni kama rozari. Nikaandika mistari yote kama ilivyokuja. Kwa sheria zile za juu kundi lile lilitakiwa kuwa na nukta ishirini na moja. Nikabonyeza. Picha ikasinyaa, ikabaki pembetatu moja kavu, nukta tatu zimekaa kama mafiga bila chungu.

Nikajisemea, huyu hajui kazi, amebahatisha herufi. Kidole kikaenda kwenye simu kufuta, na hapo hapo kikasimama. Mtu aliyeiba karatasi za Ustaz angenakili kilichoandikwa. Na karatasi zake alizinakili nyumbani kwa utulivu, zote zilikuwa sawa. Mwizi angetuma mstari ulionyooka. Ni nani basi, katika Juba nzima, anayeandika sheria tatu vizuri kutoka kushoto, halafu mstari wa nne, kwa haraka, mkono unamtoroka?

Nikaweka kidole upande wa kulia wa mstari wa shahidi, nikausoma kurudi nyuma. Nikauandika upya: a a b = b b b b a a. Nikabonyeza.

Ikafunguka. Maduara matatu, moja ndani ya jingine, kila moja na nukta saba. Lile la nje mstari unatembea kutoka nukta hadi jirani yake. La kati unaruka moja. La ndani unaruka zaidi, na katika kuruka huko inatokea nyota. Pembetatu saba zinayashika maduara yote yasiachane. Nchi ilikuwa na nyota moja kwenye bendera yake, na Ustaz alikuwa ameificha nyota katika duara la ndani kabisa ili tuitafute. Nilipiga kelele hata wateja wakageuka. Wasswa alidhani nimepigwa na umeme.

Nikajibu kwa mstari mmoja tu: "Ustaz, umeandika tena kutoka kulia."

Tulingoja. Wasswa aliacha wateja wake wakasimama na karatasi mkononi, hakuna aliyelalamika. Simu ikalia.

"Malesh ya Poni. Betri nakufa. Ana fi."

Kwenu mliokulia Kenya: malesh ni samahani, na ana fi ni nipo. Hayo ya ana fi ndiyo maneno mawili mazuri kuliko yote niliyowahi kusoma, na nimesoma mengi.

Alikuwa katika ile kambi ya waliokimbia, pembeni ya mji, ndani ya uzio wa walinda amani. Mimi ningeweza kuingia na kutoka, yeye asingeweza kutoka. Barabara zilipotulia kidogo nikampelekea picha yake, ile ya jalada, kubwa, kwenye karatasi bora ya Wasswa, nimeizungushia milaya ya shangazi isikunjwe wala isiulizwe maswali kizuizini. Askari alipapasa, akasema, "Arusi?" Nikasema ndiyo, arusi. Akaniombea heri.

Ustaz alikuwa amekonda mpaka shati linamuuliza litundikwe wapi. Aliishika picha kwa mikono miwili.

"Wewe najua namna gani ni mimi? Jina siandiki. Mimi naogopa."

"Nani mwingine Juba anayekosea hivi?"

Akacheka. Alicheka mpaka akainama, kisha kicheko kikageuka kilio, na watu wa mahema ya jirani wakatazama pembeni kwa adabu. Mimi nililia naye. Halafu akajifuta uso, akawa mwalimu tena, akaomba kalamu. Chini ya picha nilikuwa nimechapisha zile sheria zake kama zilivyokuja kwenye simu, neno kwa neno. Alitaka kumrekebisha shahidi.

Nikaiondoa kalamu mkononi mwake. "Acha, Ustaz."

"Ya Poni, mwanafunzi ataandika, picha nasinyaa."

"Ndiyo. Isinyae. Atatafuta kwa nini."

Alinitazama, akaelewa, akaikunja ile milaya taratibu akanirudishia. Kitabu tukakitoa hivyo hivyo, kwa fotokopi ya Malakia, kimeshikwa kwa pini. Hakurudi kwenye meza yetu. Kutoka kambini alikwenda Kenya kwa binti yake, na huko yuko, mzee, bado ananitumia makundi kwa simu, na bado nikiona mstari umegeuka nampigia kumuuliza ni nini kimemharakisha leo.

Kila mwaka mmoja wenu anapanda hapa Kator kwa furaha kuniambia amegundua kosa kwenye jalada. Namkaribisha, nampa chai. Basi ambao hamjafika huko: sheria tatu za juu ziandikeni kama mlivyofundishwa. Mstari wa mwisho usomeni kutoka kulia, na msiusahihishe.